Ukipata Alasiri Moja Delhi, Nenda Ukalisome Lile Tao

Watu wengi wa Kisumu, Nakuru na Kakamega wanaofika Delhi hawaendi kutalii. Wanampeleka mgonjwa. Kuna siku za vipimo na siku za kusubiri majibu, na katikati yake hubaki alasiri moja au mbili ambazo anayeuguza huzimaliza chumbani akitazama simu. Nashauri mojawapo ya alasiri hizo iende India Gate, tao la kumbukumbu lililo katikati ya jiji. Hakuna kiingilio, ardhi ni tambarare, na saa tatu zinatosha kwenda, kutazama na kurudi. Kuna sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hizo. Juu ya tao lile, katika maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe, imetajwa Afrika Mashariki. Wenzetu wengi hupiga picha pale, wakaituma kwenye grupu la familia, wakaondoka bila kujua kuwa wamesimama chini ya jiwe linalotaja kwao.

Basi tuanze na kufika. Waliopanga Saket, Malviya Nagar au Gurgaon wako kwenye njia ya manjano ya metro. Waliopanga Jasola au Sarita Vihar wako kwenye njia ya zambarau. Njia hizo mbili hukutana kituo cha Central Secretariat, na hapo ndipo pa kushukia. Utawasikia wanaopendekeza Khan Market kwa kuwa ni karibu kidogo. Sikubaliani nao. Ukitoka Khan Market unalifikia tao kwa ubavuni, ukipambana na magari. Ukitoka Central Secretariat unaingia moja kwa moja kwenye Kartavya Path, barabara pana yenye nyasi na mifereji ya maji pande zote mbili, na unatembea kama kilomita mbili tao likiwa mbele ya macho yako, likikua polepole. Edwin Lutyens, msanifu aliyelichora, alikusudia litazamwe hivyo: mstari mmoja ulionyooka, ikulu juu ya kilima cha Raisina upande wa magharibi, tao upande wa mashariki. Ukilifikia kwa ubavuni unaona jengo tu, ule mpango mzima unakupita.

Barabara hiyo iliitwa Kingsway enzi za Waingereza, ikawa Rajpath baada ya uhuru, na tangu Septemba 2022 inaitwa Kartavya Path. Madereva wengi bado husema Rajpath, kwa hiyo yajue majina yote mawili.

Kwenye metro mabegi hupita kwenye mashine, na wanawake hukaguliwa foleni yao peke yao. Behewa la kwanza limetengwa kwa wanawake. Mume akimfuata mkewe humo hutozwa faini, na hili huwapata wageni kila siku kwa sababu mlango ukifunguka kila mtu hukimbilia ulio karibu. Kubalianeni kabla ya treni kufika: ama nyote mpande behewa la kati, ama kila mmoja apande lake na mkutane mnaposhuka. Nauli ya safari ya kawaida haifiki rupia 70, na rupia moja ni kama shilingi moja na nusu ya Kenya.

Mgonjwa asiyeweza kutembea kilomita mbili apande tuktuk. Zile za Delhi ni za kijani na manjano na zinatumia gesi, ila mapatano ni yale yale ya Kondele: bei ijulikane kabla hujakaa. Mita ipo, lakini mara nyingi haiwashwi kwa mgeni. Njia rahisi ni kufungua programu ya teksi kwenye simu ukaona bei inayotajwa, kisha ukamwonyesha dereva. Magari hayaruhusiwi kufika chini ya tao lenyewe. Limezungukwa na barabara ya duara yenye pembe sita, nayo ina magari mengi yanayokwenda kasi. Usiivuke kwa kukimbia hata ukiona wengine wanafanya hivyo. Tangu matengenezo ya 2022 kuna vivuko vya chini ya ardhi, navyo ndivyo vya kutumia, hasa kama mko na mtu aliyefanyiwa upasuaji juzi.

Pesa taslimu ni lazima. Muuza maji na muuza aiskrimu wana karatasi yenye msimbo wa kulipia kwa simu, mfano wa Lipa na M-Pesa, lakini mfumo ule unategemea benki za India na laini yako ya Kenya haitalipa. Beba noti za rupia 10, 20, 50 na 100. Ukitoa ya 500 kwa chupa ya maji utaambiwa hakuna chenji.

Sasa saa. Tao linatazama magharibi na mashariki. Anayefika asubuhi kutoka Central Secretariat ana jua usoni, nalo tao liko kivulini, kwa hiyo picha inatoka nyeusi na maandishi hayasomeki. Kuanzia saa tisa alasiri jua huugeukia uso wa magharibi, mawe ya rangi ya krimu yakang'aa na kila herufi ikatupa kivuli chake kidogo ndani ya jiwe. Huo ndio wakati wa kusoma. Kama huna budi kwenda asubuhi, pitia pembeni mpaka upande wa mashariki, ulisomee huko. Desemba jua huzama kama saa kumi na moja u nusu jioni, Juni huchelewa hadi saa moja na robo, basi panga kufika saa mbili hivi kabla ya hapo. Usiku taa huwashwa na watu wa Delhi hujaa na watoto wao. Inapendeza, ila kusoma hakuna tena. Jumamosi na Jumapili msongamano huanza mapema zaidi, kwa hiyo siku za kazi ndizo bora.

Kuhusu majira nitasema wazi, kwa sababu mtu wa Kisumu hudhani joto analijua. Joto letu lina unyevu, na alasiri upepo wa ziwa hulipunguza. Mei na Juni Delhi hupita nyuzi 40, na kuna upepo mkavu wanaouita loo, unaokausha jasho kabla hujalihisi. Hapo ndipo watu huanguka: ngozi i kavu, mtu anajiona mzima, kumbe maji yamekwisha mwilini. Lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, na msiondoke chumbani kabla ya saa kumi. Kiangazi jua huzama kwa kuchelewa, kwa hiyo bado mtakuwa na mwanga. Novemba shida ni moshi. Hewa ya jiji huwa nzito kiasi kwamba mgonjwa wa kifua au wa moyo hapaswi kutembezwa nje hata kidogo. Abaki ndani, aende mwingine. Desemba na Januari asubuhi huwa na ukungu mzito na baridi chini ya nyuzi 10, na sweta ya Nakuru inafaa kuliko koti jepesi la Kisumu. Ukifika Januari uliza kwanza kama barabara ziko wazi, maana gwaride la tarehe 26 Januari hupita Kartavya Path na mazoezi yake hufunga sehemu hizo siku kadhaa kabla. Februari na Machi ndiyo miezi ninayoipendekeza bila masharti.

Ukilikaribia utazongwa na wachuuzi. Mwanamke mwenye hina ataushika mkono wako na kuanza kuchora kabla hujajibu. Mwingine atakubandika bendera ndogo kifuani kisha adai malipo. Ficha viganja, sema "nahin chahiye", yaani sihitaji, kisha endelea kutembea. Wapiga picha wenye kamera shingoni wanafanya kazi halali na picha huchapwa papo hapo, lakini wao pia hupenda kupiga nyingi na kukulipisha zote. Taja idadi na bei kabla. Wapo pia wageni kutoka mikoa mingine ya India watakaokuomba mpige picha pamoja, kwa kuwa hawajawahi kusimama karibu na Mwafrika. Mara nyingi ni urafiki tu. Una haki ya kukubali na una haki ya kukataa.

Haya, umefika. Simama hatua kama hamsini kabla ya minyororo, upande wa magharibi, uinue macho. Tao lina urefu wa mita 42, sawasawa na jengo la ghorofa kumi na tatu hivi. Limejengwa juu ya kitako cha mawe mekundu ya Bharatpur. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 10 Februari 1921, na Lord Irwin, mtawala wa Waingereza nchini India, akalizindua tarehe 12 Februari 1931. Juu kabisa pamechongwa jina la India, kushoto kwake MCMXIV na kulia MCMXIX. Hizo ni tarakimu za Kirumi za 1914 na 1919. Chini ya hapo ndipo penye maandishi marefu. Vuta karibu kwa kamera ya simu ukisome kila kifungu. Yanasema tao ni la wafu wa majeshi ya India walioanguka na wanaoenziwa Ufaransa na Flanders, Mesopotamia na Uajemi, Afrika Mashariki, Gallipoli na kwingineko. Kisha yanaongeza kundi la pili: wale ambao majina yao yameandikwa hapa, walioanguka India kwenyewe, kwenye mpaka wa kaskazini magharibi, na katika Vita vya Tatu vya Afghanistan.

Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo inayowapotosha wengi, hata waongozaji wa watalii. Kwenye kuta za tao kuna majina zaidi ya 13,000, na utaambiwa ni ya askari wote wa India waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Siyo. Waliokufa walikuwa zaidi ya 70,000. Yaliyochongwa pale ni ya kundi la pili. Waliofia kwetu wametajwa kwa jina la eneo tu, Afrika Mashariki, na majina yao yako huku: mengine kwenye makaburi ya Nairobi South, mengine Tanga, mengine Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Kisumu anayetafuta pale Delhi jina la askari aliyefia Voi au Taveta anapoteza jioni yake. Na hata angekuwa akitafuta jina lililopo, minyororo haimruhusu kuukaribia ukuta kiasi cha kulisoma. Atafute kwanza kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, aone limechongwa kwenye kumbukumbu gani.

Kwa nini Afrika Mashariki iwe kwenye jiwe la Delhi? Sehemu ya jibu iko ziwani kwetu. Reli iliyofika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901 ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Vita vilipozuka mwaka 1914, jeshi la India lililetwa kuilinda reli hiyo hiyo. Septemba mwaka huo Wajerumani waliingia Kisii na kukapiganwa pale. Juni 1915 Waingereza walijibu: kikosi kilipanda meli Kisumu, kikavuka ziwa na kuishambulia Bukoba, na ndani yake kulikuwa na mizinga ya milimani ya jeshi la India. Bandari ile ile ambapo leo watu hushuka kula samaki ndipo mizinga na sanduku za risasi zilipopakiwa. Ukilijua hilo, lile neno moja juu ya tao huwa halipiti bure.

Usiishie kwenye tao. Zunguka upande wa mashariki. Utaona kibanda cha mawe chenye nguzo, na ndani yake sanamu nyeusi ya Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru wa India, futi 28, iliyozinduliwa Septemba 2022. Awali alisimama hapo Mfalme George wa Tano. Aliondolewa mwaka 1968, na kibanda kikabaki kitupu zaidi ya miaka hamsini. Naona Wahindi walifanya vyema kutoharakisha.

Wenye picha za zamani watautafuta mwenge uliokuwa ukiwaka chini ya tao tangu 1972. Haupo tena. Tarehe 21 Januari 2022 uliunganishwa na ule wa National War Memorial, eneo lililo nyuma ya kibanda, lililofunguliwa tarehe 25 Februari 2019. Huko nako ni bure, na kwa maoni yangu ndiko kwenye somo kubwa kuliko tao lenyewe. Kuta zimepangwa kwa mizunguko, nazo zimejaa vibao vya granaiti, kila kimoja na jina la askari mmoja, cheo chake na kikosi chake. Ni waliokufa baada ya uhuru, karibu 26,000. Tofauti na kwenye tao, hapa unaweza kusimama mbele ya jina kwa umbali wa mkono. Utawaona wazee wakitafuta kibao, wakikigusa kwa vidole, wakisimama kimya. Kabla ya jua kuzama bendera hushushwa kwa heshima, basi jipangie uwe umeshafika. Weka simu mfukoni kwa dakika hizo.

Tao huliona kila mtu kutoka mbali. Jina humhitaji mtu asogee. Ndiyo maana nasema kumbukumbu ya vita hupimwa kwa majina, urefu wa mawe ni wa pili.

Na hapo ndipo Kisumu inaponiuma. Mnara wa saa wa barabara ya Oginga Odinga ulizinduliwa na Gavana Brooke-Popham tarehe 19 Agosti 1938. Bamba lake linasema ulijengwa kumkumbuka Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910, na linawataja wanawe wanne waliousimamisha: Mohamed, Alibhai, Hassan na Rahimtulla. Ni mnara wa familia moja, tena mdogo, lakini umefanya kazi yake sawasawa. Mtu yeyote anayepita kwenda benki anaweza kusimama na kujua ni nani anayekumbukwa, alifika lini, alifia wapi na nani hakumsahau.

Wapagazi wa Nyanza hawana hata bamba kama hilo. John Ainsworth, mkuu wa mkoa aliyekuwa na ofisi yake Kisumu, ndiye aliyekabidhiwa mwaka 1917 kazi ya kukusanya watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Vijana walitolewa vijijini kwa maelfu, Wajaluo, Waluhya, Wakisii na wengine, wakapelekwa kwenye kampeni ya kusini, katika Tanzania ya leo. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariokor kule Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam, ni kikosi chao hicho hicho cha wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, kilichobaki kinywani mwa watu. Sanamu ya askari iliyo Kenyatta Avenue, Nairobi, inawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri. Hayana jina hata moja. Tume ya makaburi yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo siombi Kisumu ijenge tao. Tao ni gharama, na tungeishia kuwa na mahali pengine pa kupigia picha za harusi. Naomba majina, yawekwe pale ambapo mtu anaweza kuyagusa, na mahali penyewe pawe karibu na bandari walikopitia. Cape Town imeonyesha njia. Januari 2025 ilizinduliwa huko kumbukumbu ya wafanyakazi wa vita zaidi ya 1,700 waliokuwa hawajatajwa popote. Haina tao wala mlingoti. Kila mtu amepewa nguzo yake ya mbao, yenye jina lake na tarehe aliyokufa, na mbao zenyewe ni za mvule, mti unaoota hata huku kwetu magharibi.

Kazi ya kukusanya inaweza kuanza kabla ya kaunti kutenga shilingi. Familia zilizopoteza babu katika kariako bado zina jina lake, jina la baba yake, jina la chifu aliyemwandikisha, na mara nyingine jina la mahali barua ya mwisho ilipotoka au mwenzake aliyerudi alipomwacha. Yaandikwe hayo manne kwa mpangilio huo huo, kila familia ukurasa mmoja, kwa sababu bila jina la chifu na la baba huwezi kumtofautisha Otieno mmoja na mwingine kwenye daftari la jeshi. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe kwenye jumba la makumbusho la Kisumu.

Na wewe uliye Delhi wiki hii, ukilifikia tao, piga picha ya ule mstari wenye Afrika Mashariki peke yake, uliovutwa karibu mpaka herufi zionekane. Hiyo ndiyo ya kutuma kwenye grupu la familia, halafu mwulize aliye mkubwa kuliko wote humo ni nani wa kwenu aliyekwenda kariako.